Mtia Rangi na Kamba Yake

Kosa langu la kwanza katika karakana ya Hockley, Birmingham, lilikuwa kufuta birika lililokuwa tayari safi.

Nilikuwa na wiki tatu tu kazini. Tulikuwa tunapaka vyombo fedha kwa umeme: mabirika, masinia, vikombe vya kanisa, vishikio vya majeneza. Chombo kinachemshwa kwenye maji ya magadi ili mafuta yatoke, kinasuguliwa kwa unga wa jiwe, kinasuuzwa, kisha kinainuliwa kwenye mwanga wa dirisha. Maji yakitandaa juu yake kama ngozi moja isiyokatika, kiko tayari. Yakijikusanya vitone vitone, mafuta yamebaki na unarudi mwanzo. Kikishafaulu, hakiguswi tena na mkono wala kitambaa. Kinaning'inizwa kwa waya wa shaba na kuzamishwa kwenye tangi.

Birika lile lilikuwa limefaulu. Lakini mimi niliona kivuli karibu na mdomo wake, au nilidhani nimekiona, nikatoa leso ya mfukoni niliyokuwa nimeifua na kuipiga pasi mwenyewe, nikalifuta. Kisha nikafuta mengine matano, kwa sababu sikutaka lile moja liwe tofauti na wenzake. Kesho yake fedha ilianza kubambuka kwenye yote sita.

Fundi wangu alikuwa Singasinga aliyefanya kazi miaka mingi katika karakana za reli Nairobi kabla ya kuhamia Birmingham na familia yake. Alidhani dawa ya tangi imeharibika. Alitumia siku mbili kuichuja, na katika siku hizo mbili alimlaumu shemeji yake, ambaye ndiye aliyekuwa akiichanganya. Walirushiana maneno ya Kipunjabi mbele yangu. Shemeji akavua aproni, akaitundika vizuri kwenye msumari wake, akaondoka na hakurudi. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Nilijua ni leso. Sikusema.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini. Nilikuja Uingereza kutoka Nakuru kukaa na dada yangu, ambaye alikuwa muuguzi na alikuwa amepanga vyumba viwili huko Handsworth. Shule yangu ilikuwa imekomea darasa la saba. Mengine yote nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima, na mtu anayejifunza mwenyewe huwa na hofu ambayo waliosoma hawaijui: hana mtu wa kumwambia kwamba hapa sasa inatosha. Niliandika kila ukurasa mara tatu. Nilipokosea herufi moja, nilichana karatasi nzima. Dada alirudi kutoka zamu yake akanikuta mezani, akaokota karatasi moja sakafuni na kuitazama kwenye taa.

"Umefuta hapa mpaka pametoboka," alisema. "Wewe mtoto wa mama, siku ukitaka kuoa itabidi tukutafutie malaika, na huyo malaika naye utamrudisha akabadilishwe bawa."

Nilicheka naye, lakini usiku nililala nikihesabu makosa ya siku.

Katika maktaba ya Soho Road ndipo nilipokutana na yule mtia rangi. Nilikuwa natafuta kitabu cha kueleza kwa nini fedha hutembea ndani ya maji kutoka bamba moja hadi jingine, na mkutubi akaniletea kitabu kikubwa cha zamani juu ya watu wa kwanza waliochunguza umeme. Wengi walikuwa mabwana wenye majumba na vyeo. Mmoja hakuwa. Alikuwa mtoto wa mtia rangi nguo katika mji wa Canterbury, na yeye mwenyewe akawa mtia rangi nguo. Kwa hiyo maisha yake yalipita kwenye mapipa ya maji ya moto na dawa, kama yangu. Hakwenda chuo. Alijifunza Kilatini kidogo, alitazama jua na nyota, akawaandikia wakubwa wa London barua zenye vipimo sahihi. Wakubwa walipenda vipimo vyake, lakini si kila mara walikumbuka kumtaja.

Kuinua nguo zilizolowa kuliuharibu mgongo wake. Alipozeeka alipewa chumba katika nyumba ya hisani huko London, pamoja na wazee wengine wasio na kitu. Ni humo, katika umri ambao wengine husubiri kufa, ndimo alimofanya jambo lake kubwa. Alikuwa na bomba la kioo. Ukilisugua kwa mkono mkavu, huvuta unyoya. Hilo lilijulikana. Yeye alikuwa ameziba ncha za bomba kwa vizibo ili vumbi lisiingie, na siku moja akaona unyoya unakwenda kwenye kizibo. Kizibo hakikuwa kimesuguliwa. Mtu mwingine angesema unyoya umepotea njia. Yeye alijiuliza: kama nguvu hii imetoka kwenye kioo ikaingia kwenye kizibo, itafika wapi tena?

Akachomeka kijiti kwenye kizibo, na kwenye kijiti kitufe, yaani kijimpira, cha pembe ya ndovu. Kitufe kikavuta unyoya. Akafunga kamba ya katani, akaining'iniza kutoka juu, na nguvu ikafika chini. Alipotaka kuilaza kamba iende mbali, akaitundika kwa kamba nyingine kwenye boriti, na nguvu ikapotea yote. Rafiki yake, kasisi mwenye nyumba kubwa mashambani, akashauri waishikilie kwa nyuzi za hariri, kwa kuwa ni nyembamba. Umeme ukatembea. Walirefusha kamba mpaka hariri ikakatika kwa uzito. Wakaweka waya mwembamba wa shaba mahali pa hariri, maana wembamba ndio waliodhani ni siri. Kitu hakikusogea. Hapo ndipo walipoelewa kwamba si wembamba, ni hariri yenyewe: kuna vitu vinavyopitisha umeme na kuna vinavyouzuia. Kazi yote ya karakana yetu, mipira iliyofunika nyaya, mbao chini ya tangi, ilitoka katika uzi uliokatika.

Nilisoma sura hiyo nimesimama. Nilihisi kama nimepata ndugu.

Wakati huo nilikuwa nimekwenda chuo cha ufundi kuomba nafasi katika darasa la jioni la umeme. Ndicho kitu nilichokitaka kuliko vyote. Mwalimu, Mwingereza mwenye koti la kijivu lenye chaki mifukoni, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kanuni zinataka cheti. Nilipoanza kuinuka, akaongeza: "Kama huna karatasi, nioneshe jambo moja ulilolijaribu kwa mikono yako mwenyewe, na daftari uliloandikia. Mwezi wa sita. Nitaamua kwa hilo."

Nikaamua nitarudia kamba ya mtia rangi.

Ilikuwa majira yale ya baridi ambapo wachimba makaa walikuwa kwenye mgomo na serikali ikaagiza viwanda vitumie umeme siku tatu tu kwa wiki. Siku nyingine matangi yetu yalikaa kimya, na fundi alikaa kwenye kiti chake dirishani aking'arisha vijiko kwa mkono. Nilimwomba nafasi ya kujaribu.

"Serikali nakata umeme," alisema kwa Kiswahili chake cha reli, "na wewe nataka kutengeneza yako?"

"Kidogo tu, fundi. Wa kuvuta karatasi."

"Karatasi iko nyingi. Vuta."

Nilipata bomba nene la kioo lililotolewa kwenye boila ya jirani. Kamba ya katani tulikuwa nayo ya kufungia masanduku. Hariri ilikosekana, mpaka fundi akaja na vipande vya shali iliyochakaa ya mke wake vimekunjwa ndani ya gazeti, akaniwekea mezani. Nilitundika kamba kutoka tangi la kwanza kuelekea mlangoni, na mwisho wake nikafunga kitufe cha shaba. Chini yake nikatandaza vipande vya ile karatasi laini tunayofungia vyombo. Nikasugua kioo mpaka viganja vikawaka.

Karatasi hazikutikisika.

Ilikuwa siku ya mvua. Kuta za karakana zilikuwa zimekunywa mvuke wa miaka mingi na zilikuwa zikiutoa polepole. Siku ya pili haikuwa tofauti, wala ya tatu. Fundi aliniletea hita ya mafuta ya taa akaiweka karibu na kamba. Hakuna kitu.

"Kijana. Naenda au hapana enda?"

"Haijaenda bado, fundi."

"Basi andika hapana enda. Kalamu yako iko na ugonjwa gani?"

Niliandika, lakini kwa penseli, nikiwa tayari nimekusudia kufuta. Siku kumi na moja zilishindikana. Siku mbili tu, za baridi kavu, hita ikiwaka tangu asubuhi, vipande vya karatasi viliinuka na kurukia kitufe kama nzi. Mara ya kwanza fundi aliacha kijiko, akaja, akainama, akakaa ameinama muda mrefu. "Hapana mtu nagusa," alisema. Urefu wa kamba ulikuwa futi kumi na mbili.

Nitaandika sasa nilichofanya. Nilinunua daftari jipya. Nikanakili zile siku mbili kwa wino wa buluu, vichwa kwa wino mwekundu, mistari kwa rula. Zile siku kumi na moja nikazichana na kuzitia ndani ya jiko. Kisha nikaona futi kumi na mbili ni kidogo. Nilijiambia kwamba kwa hewa nzuri kamba ingefika mwisho wa karakana na kurudi kwa kona, kwamba hesabu inaruhusu, kwamba ukweli wa jambo ni ule ambao lingekuwa kama kusingekuwa na mvua. Nikaandika futi arobaini. Sikuhisi kwamba nadanganya. Nilihisi kwamba nasafisha.

Mwezi wa tano nikarudi maktaba kumalizia maisha ya mtia rangi, kwa sababu nilitaka kuyasimulia kwa mwalimu bila pengo. Nilikuwa nimeruka kurasa za mwisho kwa kuogopa kifo chake. Nikazisoma. Alikufa katika ile nyumba ya hisani, na hakuna jiwe linaloonesha alipolazwa. Lakini si hilo lililonitikisa. Siku zake za mwisho alikuwa na jaribio jipya. Aliweka tufe la chuma juu ya nta, akashika mkononi uzi wenye kitu chepesi, na kile kitu kikazunguka tufe kama sayari inavyozunguka jua, daima kuelekea upande ule ule zinakozungukia sayari. Aliamini ameshika siri ya mbingu. Akiwa kitandani, amebakiwa na siku moja tu ya kuishi, alimweleza katibu wa chama cha wataalamu, naye akaandika. Aliomba tu Mungu amwongezee muda.

Baada ya kifo chake, yule rafiki yake kasisi alirudia jaribio. Alilirudia kwa subira, na mwishowe akakiri kwamba hakuna siri. Uzi ulizunguka kwa sababu mkono uliushika ukitaka uzunguke. Mkono haukujua kwamba unataka.

Nilifunga kitabu. Niliogopa kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Yule ndiye aliyekuwa makini kuliko wote, aliyeona unyoya kwenye kizibo, na bado mkono wake ulimsaliti bila yeye kujua. Mkono wangu mimi nilijua unachofanya.

Hata hivyo sikubadilisha kitu. Jumatatu nilimwonesha fundi daftari, nikitaka sifa. Kiingereza alikisoma polepole, lakini tarakimu alizisoma haraka kuliko mimi. Alifungua kurasa kwa ncha ya kidole, akichunga asiuvuruge wino.

"Maridadi," alisema. "Kama kadi ya harusi." Akafungua tena. "Wapi ile siku mimi naleta hita, na karatasi nalala tu kama maiti?"

"Hiyo haikufaulu, fundi."

"Najua. Mimi nalikuwa hapa. Wapi?" Akaweka kidole penye arobaini. "Na hii?"

"Urefu wa kamba. Nilipiga kona."

"Kona gani? Karakana yote iko futi thelathini. Kwa kona iko kiti yangu. Kamba hapana pita juu ya kichwa yangu, kijana. Ningeona."

Sijui kwa nini, badala ya kujitetea nikaanza kumsimulia yule mzee kitandani, tufe, uzi na mkono. Alinisikiliza. Na nilipomaliza hilo, maneno hayakusimama. Nikamwambia habari ya mabirika sita. Nikamwambia dawa ya tangi haikuwa na kosa.

Hakupaza sauti. Aliuliza jambo moja: "Siku ile ile wewe nalijua?"

"Nilijua, fundi."

Alifunga daftari, akalipangusa jalada, akanirudishia. Alikwenda kunawa mikono, ingawa haikuwa michafu, akavaa koti na kwenda nyumbani saa nane ya mchana.

Kwa wiki mbili alisema nami maneno ya kazi tu. Inua. Suuza. Geuza. Dada aliniona silali, nikamweleza yote, tena kwa Kiswahili kitupu bila kujificha nyuma ya Kiingereza. Alikuwa anavua viatu vya zamu.

"Hospitalini," alisema, "muuguzi akimpa mgonjwa dawa siyo, tunamwuliza saa ngapi na kiasi gani. Hatumwulizi kwa nini. Kwa nini ni ya baadaye. Sasa wewe unakaa hapa na kwa nini yako, unaibembeleza kama mtoto. Umeandika saa ngapi na kiasi gani?"

Kesho yake, wakati wa chai, nikachukua karatasi ya kufungia vyombo na kuanza kuandika zile siku kumi na moja kutoka kichwani. Nilikumbuka tano. Za sita na saba nikazichanganya. Fundi alikuwa ananipa mgongo, aking'arisha.

"Siku ya sita ilikuwa ile kanisa naleta vikombe," alisema bila kugeuka. "Mvua nyingi. Kamba nalilowa kwa mlango."

Nikaandika.

"Ya saba, hapana mvua. Lakini wewe nafunga hariri na waya, kwa sababu hariri nakuwa fupi."

Nilikuwa nimelisahau hilo kabisa. Nilikuwa nimefanya kosa lile lile la mtia rangi na kasisi wake, waya mahali pa hariri, miaka mia mbili na zaidi baada yao, nikiwa nimelisoma, na nikalichoma jikoni kama takataka. Fundi alizikumbuka zote kumi na moja kwa vyombo vilivyokuwa mezani siku hizo. Tulipofika mwisho alisema, bado akinipa mgongo, kwamba Jumapili alimwona shemeji yake kwenye gurdwara, hekalu lao, na akamwomba radhi.

"Atarudi?" niliuliza.

"Hapana. Yeye nafanya kazi kwa kiwanda ya magari sasa. Sisi nakula pamoja, basi."

Mwezi wa sita nilibeba vitu vyangu kwa basi mpaka chuoni. Kulikuwa na manyunyu. Mwalimu aliketi mbele na vijana wanane wa darasa lake, wote wadogo kwangu. Nilitundika futi kumi na mbili za kamba kwa hariri ya shali, nikasugua kioo. Karatasi zililala. Nikasugua tena. Kijana mmoja akakohoa kwa kuficha kicheko, na mwenzake akasema labda karatasi zimegoma kama wachimba makaa.

Daftari maridadi lilikuwa ndani ya mfuko. Ningeweza kulitoa, na nilijua lingeaminika. Nikatoa ile karatasi ya kufungia vyombo, imekunjika na ina doa la chai. Nikasema: "Leo jaribio halikwenda. Limekwenda siku mbili kati ya kumi na tatu, na leo ni ya kumi na nne. Nina daftari jingine lenye maneno mazuri kuliko haya, lakini lina urefu ambao sikuupima."

Mwalimu aliisoma karatasi mpaka chini. Aliuliza maswali juu ya siku ya saba. Kisha akauliza ni siku gani nisiyoielewa mpaka leo. Nikamwonesha ya kumi: hewa kavu, hariri nzima, hita inawaka, na bado hakuna kitu. Akaitazama, akajikuna shavu na kuacha chaki hapo.

"Sijui," alisema. "Labda viganja vyako vilikuwa na jasho. Labda sivyo."

Hakunipa nafasi niliyoiomba. Alisema hesabu zangu hazitoshi, na ni kweli. Alinipa kiti katika darasa la chini yake, la wanaoanza, pamoja na watoto wa miaka kumi na sita, kwa masharti kwamba nitafanya mtihani kila muhula. Nilirudi Hockley nikamweleza fundi. Aliuliza darasa ni siku gani, nikasema Jumanne na Alhamisi, akasema siku hizo niondoke saa kumi.

Sasa niko mwaka wa tatu. Bado nina hofu, na bado naandika barua mara mbili kabla ya kuituma. Kilichobadilika ni hiki: mtu akiniuliza kama kosa ni langu, namjibu siku hiyo hiyo.